Fundi Haji Kapata Uhuru

Mtu akikwambia Bagamoyo ni mji wa kimya, muulize tu kama amewahi kukaa kwenye baraza la mafundi cherehani katika kumi la mwisho la Ramadhani. Weee! Cherehani nne zinalia kwa pamoja tangu asubuhi, na kila anayepita ana neno lake. Huyu kanzu imekuwa fupi, yule kaleta kitambaa jana anataka nguo leo, na mwingine hana hata kitambaa, kaja tu kuona za wenzake zimefikia wapi apate la kusema.

Mwaka huo wa 1947, cherehani ya karibu na mlango ilikuwa ya Fundi Haji. Huyu Haji kwao ni Kachi, Bara Hindi. Alikuja na mjomba wake akiwa na miaka kumi na minne. Mjomba akafariki, cherehani ikabaki, na yeye akabaki nayo. Miaka kumi na tisa sasa. Ndevu zimemwotea Bagamoyo, jino kang'olewa Bagamoyo, na Kiswahili kajifunzia hapo hapo barazani, kwa wateja. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa hodari kwenye mambo mawili: vipimo na visingizio. "Kesho asubuhi, inshallah, vimebaki vifungo tu," hiyo aliisema vizuri kuliko mzaliwa wa mtaa wa Dunda. Ila yale maneno yenye tumbo, yaliyobeba mambo mengine ndani, hayo yalikuwa yanampita.

Sasa Haji alikuwa na shida moja tu duniani, na shida yenyewe ilikuwa na jina. Kulthum.

Kulthum alikuwa mtoto wa Bi Salme, watu wa asili ya Omani. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli juu yake alikuwa ami yake, Bwana Muhanna, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu. Kulthum aliwahi kuolewa Pangani. Ndoa ikakaa mwaka na nusu, akarudi kwa mama yake na sanduku lake na ulimi wake, vyote vizima.

Haji hajawahi kumwona sawasawa. Lililokuja kwake ni gauni la Kulthum. Likaja kushonwa kwa kufuatisha gauni kuukuu, likashonwa, likaenda. Baada ya siku mbili likarudi: mkono umefumuka. Haji akashona. Likarudi tena: ubavu umefumuka. Mara ya tatu Haji akaligeuza lile gauni nje ndani, akausogeza ule mshono karibu na macho. Tangu ashike sindano, mshono wake haujawahi kufumuka. Na huu haukufumuka. Ulikatwa kwa mkasi, tena mkato msafi, umefuata uzi vizuri ili fundi asipate taabu ya kuurudia.

Basi Haji alicheka peke yake siku tatu. Ya nne akapeleka posa.

Bi Salme hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa Bwana Muhanna. "Fundi ni mtu mzuri," alisema, "lakini kufu je?" Na kufu si jambo dogo. Kwa watu wa pwani wa wakati ule mwanamke aolewe na wa kulingana naye: dini, kazi, na zaidi ya yote asili. Muungwana kwa muungwana. Bwana Muhanna akaulizia asili ya Haji miezi miwili, na asipate kitu, maana nani Bagamoyo anaijua Kachi? Mwisho akaweka siku: "Jibu nitatoa Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, baada ya swala."

Wiki moja kabla ya Ijumaa hiyo ikaja barua.

Ilitoka kwa mama yake Haji. Mama hajui kuandika, kamwandikisha mtu, lakini ukisoma unasikia kabisa ni yeye anayefoka. "Mwanangu, tarehe kumi na tano Agosti Waingereza wanaondoka. Nchi inakuwa yetu wenyewe. Wanaikata vipande viwili, kuna watu wanahama na vyombo kichwani. Sisi hatuhami, nani atabeba kisima? Siku hiyo usishone. Vaa nguo mpya, gawa kitu kitamu kwa majirani, na uwaambie. Huku mtaa mzima tutapiga ngoma. Huko uko peke yako, lakini piga."

Haji akahesabu kwa vidole. Tarehe kumi na tano. Akahesabu tena. Ijumaa! Ijumaa ile ile! Akaibusu barua, akaona Mungu kamwekea furaha mbili kwenye sinia moja.

Ila shida ni mbili pia. Kwanza, utagawaje kitu kitamu mchana wa Ramadhani? Hilo lilikuwa rahisi, atafuturisha. Pili, atawaambiaje watu? Neno la kwao alilijua. La Kiswahili hakulijua, kwa sababu miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyewahi kulihitaji kwenye kanzu.

Akamgeukia Mgeni, fundi wa cherehani ya pili. Mgeni kwao Zinga, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kila mtu kwake ni mtani.

"Mgeni, nisaidie neno."

"Neno la kumwambia Kulthum?"

"Acha mambo yako. Sikiliza. Mtu yuko chini ya bwana mkubwa. Hawezi kufanya lake mpaka bwana apende. Halafu siku moja bwana anaondoka, na yule mtu anakuwa mwenyewe. Mnasemaje?"

Mgeni akaacha kukanyaga cherehani. "Tunasema kapata uhuru."

"Uhuru. Ni neno zuri?"

"Zuri? Fundi, hapa Bagamoyo kuna watu walililia neno hilo."

"Basi ndilo hilo hilo!" Haji akafurahi. "Nitalishona kwenye kitambaa, nilitundike barazani. Nitaandika tumepata uhuru."

Mgeni akaing'ata midomo yake yote miwili. Kama ungemwona ungedhani ana sindano mdomoni. "Tumepata, nani na nani? Watu watauliza ni nani anayealika. Andika jina lako, bwana. Haji amepata uhuru. Kila mtu ajue mlango wa kuja."

"Akili hiyo!" akasema Haji. Maskini.

Sasa, kwa mtu aliyezaliwa juzi, uhuru ni bendera na gwaride na mapumziko ya shule. Kwa Bagamoyo ya mwaka ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo watu waliisema wakiwa wamefunga mlango. Uhuru ni kitu anachopewa mtumwa. Bwana wake anamwacha huru, au Serikali inamkomboa, anapewa karatasi, anakwenda zake. Ukisema fulani kapata uhuru, umeshasema fulani alikuwa nani. Na katika mji huu wazee wa kukumbuka bado walikuwapo, tena wengi, na kila mmoja alikuwa anakumbuka ya jirani.

Haji akachukua yadi tatu za kitambaa cheupe cha bafta, akashona herufi kwa uzi mwekundu, kubwa kama viatu:

HAJI AMEPATA UHURU
KARIBUNI FUTARI

Ijumaa baada ya alfajiri akakitundika barazani juu ya cherehani yake, akavaa kanzu mpya, akakaa.

Akakaa. Kisha akashangaa. Kumbe hajui siku kama ile mtu anafanya nini. Idi ina takbira, harusi ina vigelegele, msiba una kilio. Uhuru una nini? Kwao saa hizi wanapiga ngoma, yeye hata kigoma hana. Akajaribu kusimama wima kama askari. Mgeni akamuuliza kama mgongo unamuuma. Akakaa tena. Mikono ikawa inatafuta kitambaa yenyewe, akaikalia. Cherehani tatu zinalia, yake kimya, na watu wakaanza kutazama kwa nini ile moja imenyamaza. Wakatazama juu. Wakasoma.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Bi Mwaija, mama mtu mzima, muuza mihogo, ambaye Haji alimwagiza mihogo ya nazi ya futari. Kusoma hajui, lakini alishasomewa njiani, tena na watu wawili.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba, baba. Marahaba." Akatua kikapu, akamshika Haji mkono kwa mikono miwili kama mfiwa. "Pole sana. Na hongera. Yaani sijui nianze na ipi."

"Anza na hongera, mama. Leo furaha."

"Hukuwahi kusema, lakini."

"Nimejua wiki hii tu, kwa barua."

Bi Mwaija akashusha sauti mpaka ikawa upepo. "Usione haya. Bibi yangu mzaa mama naye alipata. Wakati wa Mjerumani. Alipewa karatasi yake, akaiweka ndani ya mto, akailalia mpaka anakufa. Wewe umepewa karatasi?"

Haji akawaza. "Karatasi bado, mama. Nadhani watatuletea."

"Usikubali bila karatasi! Kesho wanakugeuka! Na huyo bwana wako kakuacha kwa hiari yake, au kalazimishwa?"

"Kalazimishwa. Tulimsumbua miaka mingi sana. Wengine walifungwa, wengine walikataa hata kula."

"Ya Rabi! Na mwenyewe nani? Namjua?"

Haji akacheka, akatoa shilingi mfukoni, akamwonyesha kichwa cha mfalme. "Huyu hapa."

Bi Mwaija akaitazama shilingi. Akamtazama Haji. Akaitazama tena shilingi. "Wewe," akasema polepole, "ulikuwa mtumwa wa huyu? Wa ikulu?" Akakibeba kikapu chake, na alivyoondoka hukusikia hata hatua zake, mama alikuwa anapaa.

"Mgeni," akasema Haji, "mtumwa ni nini tena?"

Mgeni alikuwa kalala juu ya cherehani yake, mabega yanatikisika.

Kufika saa tano habari ilikuwa imeshamaliza mji na imetoka kutembea. Huko Kaole walisema kakombolewa kwa ng'ombe. Magari ya mihogo yakaibeba mpaka Mapinga, na Mapinga wakaongeza kwamba alizaliwa jikoni kwa Mwingereza, ndiyo maana anajua kupiga pasi. Wateja wakaanza kupita barazani wawiliwawili, wanamwamkia kwa upole wa ajabu. Mzee mmoja ambaye siku zote anamfokea kuhusu kola akamwambia, "Kanzu yangu usiharakishe, fundi. Pumzika. Umeteseka."

Ndipo Mgeni akaona utani umeota miguu. Akafuta macho, akamweleza. Yote. Mtumwa ni nani, uhuru ni nini, na kile kitambaa kinasema nini kwa mtu wa Bagamoyo.

Haji akainuka, akachungulia barabarani. Rangi ikamtoka, ikarudi, ikatoka tena.

"Bwana Muhanna anapita njia hii kwenda kuswali," akasema.

"Ameshapita," akasema Mgeni. "Alisimama. Akasoma mara mbili. Fundi, wallahi nilidhani watu watacheka tu saa moja halafu basi. Nilisahau kuwa Ijumaa yenyewe ndiyo leo."

"Ulisahau!"

"Nipige."

"Nimefunga," akasema Haji, "ungeona."

Baada ya swala, kweli, akaitwa. Alitembea kwenda kwa Bi Salme kama mtu anayepeleka gauni lililoungua pasi. Njia nzima alikuwa anawaza lile gauni lililorudi mara tatu. Halitarudi tena. Atapewa mtu mwingine alishone, mtu wa Pangani labda, mwenye mshono mbovu usiohitaji hata mkasi.

Sebuleni Bwana Muhanna kakaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Pembeni yake mwanawe Abdullatif, karani wa Bomani, kijana wa miwani na kalamu mbili, na karatasi juu ya goti. Mlango wa ndani una pazia, na pazia lilikuwa na pumzi mbili nyuma yake: Bi Salme na binti yake.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Kaa, Haji." Bwana Muhanna akavuta punje tatu za tasbihi. "Mimi nimehangaika na asili yako miezi miwili. Nimeuliza Unguja, nimeuliza Dar es Salaam. Kumbe mwenyewe umeiandika ukaitundika barabarani."

"Bwana Muhanna, lile neno..."

"Jibu ninachouliza. Mambo haya yanaandikwa, ili kesho mtu asiseme nilidhulumu. Abdullatif, andika. Haji, umepata uhuru au hukupata?"

Haji akafikiria kusema uongo. Lakini ni Ramadhani, na mama yake kasema waambie. "Nimepata."

"Lini?"

"Usiku wa kuamkia leo."

Kalamu ikakwaruza. "Kabla ya hapo ulikuwa wa nani?"

"Wa Waingereza."

"Waingereza wangapi?"

"Wote."

Pazia likakohoa.

"Haikuwa mimi peke yangu," Haji akaharakisha. "Ni sisi sote. Baba yangu, babu yangu, jirani zetu..."

"Ukoo mzima!" Bwana Muhanna akamgeukia mwanawe. "Ukoo mzima, andika hivyo. Nilijua. Haji, wewe fundi mzuri na sina ubaya na wewe, lakini utaona mwenyewe jambo hili haliwezekani. Huyu binti ni muungwana, mtoto wa waungwana, hajawahi kuwa na bwana juu yake isipokuwa Mungu. Nitamwozaje kwa mtu aliyeachwa huru asubuhi hii?"

Hapo Haji akaona yanamtoka mkononi. Na mtu akiona yanamtoka, Kiswahili cha vipimo kinaisha, kinakuja cha moyoni.

"Bwana Muhanna, mimi sijawahi kufungwa mnyororo. Sijawahi kuuzwa. Neno nililiomba kwa mtu, akanipa. Ngoja nikueleze kitu chenyewe halafu wewe unipe neno lako. Watu wanatoka mbali. Wanajenga Boma. Wanapandisha bendera yao. Kodi unawalipa wao. Kesi wanahukumu wao. Wakiamua barabara ipite shambani kwako, inapita. Hawakukuuliza wakati wanakuja, na hutakiwi kuwauliza wataondoka lini. Sisi kwetu ilikuwa hivyo. Leo wameondoka. Kwa Kiswahili hiyo inaitwaje?"

Tasbihi ya Bwana Muhanna ikasimama.

Kalamu ya Abdullatif haikusimama, maana mtoto wa watu alishaambiwa andika na yeye anaandika.

Kisha nyuma ya pazia ikatoka sauti ya kike, tamu, ya mtu anayetaka tu kujifunza. "Ami, samahani. Ile bendera ya pale Bomani ni ya nani vile?"

"Kulthum, nyamaza."

"Nimenyamaza. Nauliza tu. Na kodi ya kichwa unampelekea nani?"

"Shemeji," akasema Bwana Muhanna kwa pazia, "mnyamazishe mwanao."

"Namnyamazisha," ikajibu sauti ya Bi Salme, na haikuonekana kama inafanya chochote.

"Mimi naona kufu kweli haipo," Kulthum akaendelea. "Ami umesema kweli. Mwenzetu hana bwana tangu alfajiri. Sisi bado tuna bwana, tena tunamlipa. Kwa hiyo humu ndani muungwana ni mmoja, na amekaa karibu na mlango. Mimi nashauri tumwombe kwa adabu, Ami, asije akasema familia yetu haimfai."

Bi Salme hakuweza kujizuia tena. Kicheko kilipasuka nyuma ya pazia kama kitambaa kinachochanwa, pazia lote likatetema.

Bwana Muhanna alikuwa kama mtu aliyekanyaga kaa la moto na hataki kulia mbele za watu. Akatazama dirisha. Dirisha liko wazi, na barabarani watu wanatoka msikitini. Halafu akamtazama mwanawe, na ndipo akasikia ile kalamu.

"Abdullatif! Unafanya nini?"

"Naandika, Baba."

"Hilo usiandike!"

"Nimeshaandika."

"Umeandika lipi?"

Abdullatif akasogeza miwani, akasoma kwa sauti ya ofisini, safi kabisa, ya kusikika mpaka nje: "Sisi bado tuna bwana, tena tunamlipa."

"Shusha sauti! Karatasi gani hiyo? Lete niione." Akaiona. Juu kabisa, katikati, lile taji la Serikali. Kijana kachukua karatasi ya Bomani, kwa sababu karatasi nzuri ni za Bomani. "Umeandika maneno haya juu ya karatasi ya Mwingereza? Na kazi yako kwa Mwingereza? Imeze!"

"Baba!" Abdullatif akashtuka. "Nimefunga!"

Haji akainama, akajifanya anatafuta kiatu.

Mkono wenye bangili ukatokeza pembeni ya pazia, kiganja juu. "Nipeni mie," akasema Bi Salme. "Jiko linawaka, nachemsha uji wa futari." Karatasi ikaingia ndani. Muda kidogo ikasikika *fuu*, na harufu ya kuungua ikapita sebuleni.

Bwana Muhanna akainuka mwenyewe akafunga dirisha. Akarudi, akakaa, akavuta tasbihi yote tangu mwanzo mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja, kama anayehesabu ni wangapi wameshasikia.

"Posa imekubaliwa," akasema.

"Alhamdulillahi," likasema pazia, pumzi zote mbili.

"Lakini, Bwana Muhanna," Haji hakuelewa, bado kainama, "na ile asili yangu?"

"Asili yako safi. Safi sana. Sijawahi kuona asili safi kama hiyo. Nyamaza. Ndoa mfungo mosi, tukishakula Idi, na katika kikao hiki hakuna aliyesema kitu. Sawa?"

"Sawa."

"Na kile kitambaa kishushe."

Haji akanyanyua kichwa. Hapa hakuharakisha. "Kitambaa, Bwana Muhanna, siwezi. Mama yangu kasema niwaambie watu."

"Basi kitengeneze! Wewe si fundi? Tia neno watu waelewe!"

Kwa hiyo alasiri hiyo Mgeni ndiye aliyeshona, kama adhabu, herufi nne za ziada kwa uzi mwekundu, huku wapita njia wakimsimamia. HAJI AMEPATA UHURU KWAO. Kuna waliosoma wakasema aah, sawa, ni mambo ya kwao Uhindini. Kuna waliosema wameongeza neno kumfichia aibu. Bi Mwaija aliposomewa alisema hajali kwao wala kwetu, yeye anachotaka kujua karatasi imefika au haijafika.

Magharibi baraza lilifurika. Cherehani zilisogezwa ukutani, mikeka ikatandikwa mpaka barabarani. Kulikuwa na mihogo ya nazi, tambi, maharage, na ladu, zile mviringo za sukari za kwao, ambazo Haji alizikanda mwenyewe kwa kukumbuka mikono ya mama yake, zikatoka ngumu kiasi kwamba mzee wa kola alijaribu moja akaitia mfukoni kwa ajili ya wajukuu. Nusu ya watu walikuja kula, nusu walikuja kumtazama mtu aliyekuwa wa mfalme. Kutoka kwa Bi Salme ililetwa sufuria ya uji wa mchele na pilipili manga, na chini ya sufuria, limekunjwa vizuri, gauni. Haji akalifungua pembeni kidogo. Mshono wa mkono, kwa mkasi, mkato msafi. Akalifunika haraka kabla Mgeni hajaona.

Ngoma hazikupigwa, ni Ramadhani. Lakini Mgeni aligonga mfuniko wa cherehani kwa kibao cha kupimia, pole pole, na watu wawili watatu wakaitikia kwa makofi, na Haji akafumba macho kidogo, akasikiliza. Haikufanana na ya kwao hata chembe. Ila ilitosha.

Bwana Muhanna naye alikuja. Alikaa mbali, akafungua kwa tende, akanywa uji kama mtu aliyekuja kukagua tu kama uji unafaa. Kila aliyemuuliza kuhusu posa alimjibu "kheri, kheri," basi. Watu walipoanza kuinuka kwenda kuswali tarawehe, akachelewa kuvaa viatu vyake. Akachelewa sana, kwa mtu mwenye viatu visivyo na kamba. Akatazama huku na huku, akamsogelea Haji, akaongea kwa pembe ya mdomo.

"Haji."

"Naam, Bwana Muhanna."

"Hivi hao watu wa kwenu." Akatazama tena nyuma. "Walifanyaje fanyaje mpaka wale wakaondoka?"

Haji alikuna ndevu. Alifikiria kweli kweli, maana ni swali la mkwe na linataka jibu la heshima.

"Wallahi sijui, Bwana Muhanna," akasema. "Mimi nilikuwa hapa nashona."